Kwa Nini Pasaka, Idi na Diwali Hazikai Tarehe Moja

Mwaka 2024 Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri waliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi. Waorthodoksi waliiadhimisha tarehe 5 Mei, wiki tano nzima baadaye. Mwaka uliofuata wote walikutana siku moja, tarehe 20 Aprili. Mwaka huohuo wa 2025 Saudi Arabia ilisali Idul-Fitri tarehe 30 Machi, huku jirani yake Oman ikikamilisha siku thelathini za kufunga na kusali kesho yake. Na miezi michache kabla ya hapo, mabishano yalizuka India: taa za Diwali ziwashwe usiku wa 31 Oktoba au wa 1 Novemba?

Yanapotokea haya watu huwa wepesi wa kuhukumu. Husemwa kwamba kuna aliyekosea hesabu, au viongozi hawapatani, au dini zenyewe hazina uhakika na mambo yake. Mimi naona hukumu hiyo inawadhulumu waumini. Nyuma ya karibu kila sikukuu inayohama kuna uamuzi uliofanywa kwa makusudi, mara nyingi karne nyingi zilizopita, juu ya maswali mawili. Tulifuate jua au tuufuate mwezi? Na nani aaminiwe kusema kwamba siku imefika: jicho linaloona au hesabu inayotabiri? Ukijua jamii fulani ilijibu vipi maswali hayo, tarehe zake huacha kuonekana za kubahatisha.

Hesabu isiyogawanyika

Tatizo lenyewe liko angani. Dunia hukamilisha mzunguko wa majira yake kwa siku 365.2422. Mwezi, tangu kuandama hadi kuandama tena, huchukua wastani wa siku 29.53. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku 354 na ushei, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Hakuna namba nzima ya miezi inayoujaza mwaka mmoja bila mabaki.

Kwa hiyo kila aliyewahi kutunga kalenda alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuushika mwezi na kuyaacha majira yapite. Ya pili ni kulishika jua na kuuacha mwezi. Ya tatu ni kuvishika vyote viwili, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu kuongeza mwezi mzima wa kumi na tatu ili kulipa deni la siku lililolimbikizwa. Uislamu ulichukua njia ya kwanza. Roma ya Julius Caesar ilichukua ya pili. Wayahudi, Wahindu na Wachina walichukua ya tatu. Ukristo ulirithi njia mbili kwa pamoja: Krismasi hufuata jua peke yake, Pasaka hufuata jua na mwezi. Ndiyo maana Mkristo anaijua Krismasi ya miaka kumi ijayo bila kuuliza, lakini Pasaka ya mwaka ujao lazima aitafute kwenye kalenda.

Mwezi peke yake

Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na desturi ya kuisogeza miezi, iliyoitwa nasii. Sura ya At-Tawba, aya ya 36 na 37, iliikataa desturi hiyo waziwazi: miezi mbele ya Mwenyezi Mungu ni kumi na miwili, na kuiahirisha ni kuzidi katika kukufuru. Hapa ndipo wengi wasio Waislamu wanapokosea. Hudhani Ramadhani inahama kwa sababu kalenda ya Kiislamu haikupata mtu wa kuirekebisha. La, marekebisho yalijulikana, yakakatazwa.

Matokeo yake ni kwamba Ramadhani, Idul-Fitri ya Mfungo Mosi, Idul-Adhaa ya tarehe 10 Mfungo Tatu, Ashura ya tarehe 10 Muharram na Maulidi ya Mfungo Sita zote hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, na huumaliza mzunguko wa majira yote kwa muda wa miaka thelathini na mitatu hivi. Nauona huu kuwa utaratibu wenye haki kubwa ndani yake. Karibu na ncha za dunia mchana wa kiangazi unaweza kupita saa kumi na nane, na wa majira ya baridi ukawa mfupi mno. Mfungo ungegandishwa katika mwezi mmoja wa jua, watu wa upande mmoja wa dunia wangefunga siku ndefu maisha yao yote na wa upande wa pili siku fupi maisha yao yote. Kwa kuzunguka, anayefunga tangu ujana hadi uzee huonja kila aina ya mchana.

Mzunguko huohuo ndio utakaoufanya mwaka 2030 uwe na Ramadhani mbili: moja ikianza mapema Januari, nyingine ikianza mwishoni mwa Desemba.

Swali la pili, la jicho na hesabu, ndilo linalozua mjadala mkali zaidi, nalo linastahili kuelezwa taratibu. Mtume alifundisha kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona, na mawingu yakitanda basi idadi ya siku thelathini ikamilishwe. Sasa, mwezi unapopita kati ya dunia na jua hauonekani kabisa. Kisha huanza kujitenga na jua kwa kasi ya kama nyuzi 12 kwa siku, sawa na nusu nyuzi kwa saa. Wanaastronomia wameona kwamba hilali, ule ukingo mwembamba wa mwezi mwandamo, haionekani kabla mwezi haujajitenga na jua kwa takriban nyuzi 7, kwa hiyo saa nyingi lazima zipite tangu mwezi uzaliwe hadi kuwe na kitu cha kuona. Katika saa hizo dunia inazunguka. Watu wa mashariki jua linawachwea mapema, mwezi ukiwa bado mchanga mno. Wa magharibi linawachwea baadaye, mwezi ukiwa umekua kidogo. Jioni moja inaweza kuwa na hilali upande mmoja wa dunia na isiwe nayo upande mwingine, na wote wakawa wamesema kweli.

Mafakihi walilijua hili tangu zamani. Katika Sahihi ya Muslim, mkusanyo mashuhuri wa hadithi, kuna habari ya Kurayb, aliyekuwa Sham, yaani Siria na jirani zake, na kuuona mwezi usiku wa kuamkia Ijumaa. Alipofika Madina alimkuta Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akisema kwamba wao waliuona usiku mmoja baadaye. Kurayb aliuliza kama mwandamo wa Sham, uliokubaliwa na Muawiya, mtawala wa huko, hauwatoshi. Ibn Abbas alijibu kwamba hautoshi, na kwamba hivyo ndivyo Mtume alivyowaamuru. Kutokana na habari hiyo wanazuoni wengine hushikilia kwamba kila eneo lina mwandamo wake. Wengine husema umma ni mmoja, na mwezi ukithibiti popote umethibiti kwa wote. Miaka ya karibuni limejitokeza kundi la tatu linalotegemea hesabu za kiastronomia. Uturuki hufuata njia hiyo, na Baraza la Fiqhi la Amerika ya Kaskazini pia.

Idi ya mwaka 2025 ilizigonganisha rai zote hizo. Tarehe 29 Machi jua lilipatwa kwa sehemu, jambo linaloonyesha kwamba mwezi ulikuwa ukipita mbele ya jua saa chache tu kabla ya magharibi ya Makka. Saudi Arabia ilitangaza Idi kesho yake. Oman na Indonesia zilingoja siku moja zaidi. Wenye kushika hesabu walihoji tangazo la kwanza, na wenye kushika ushahidi wa jicho walilitetea. Kila upande ulikuwa na hoja iliyotungwa vitabuni muda mrefu kabla ya mtu yeyote wa leo kuzaliwa.

Wayahudi: mashahidi, mioto na jedwali

Torati inaamuru Pasaka iadhimishwe katika mwezi wa Abibu, wakati shayiri inapokomaa. Agizo hilo moja linafunga mlango wa kalenda ya mwezi mtupu, kwa kuwa bila marekebisho Pasaka ingefika majira ya baridi baada ya miaka michache. Wayahudi wakachukua hesabu iliyojulikana Babeli na Ugiriki: miaka 19 ya jua inakaribia mno kuwa sawa na miezi 235 ya mwandamo, tofauti ikiwa saa mbili hivi. Basi katika kila miaka 19, saba hupewa mwezi wa ziada, Adari ya kwanza, nao huwekwa kabla ya Adari yenye sikukuu ya Purimu.

Hapo zamani hata wao walitegemea jicho. Mashahidi walifika mbele ya baraza Yerusalemu, wakahojiwa, na mwezi ukitangazwa mioto iliwashwa vilimani kupeleka habari. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasimulia kwamba Wasamaria waliwasha mioto ya uongo kuwapotosha watu, ndipo wajumbe wakaanza kutumwa kwa miguu. Miji ya mbali ambayo wajumbe wasingeiwahi iliadhimisha siku mbili badala ya moja, isije ikakosa ile ya kweli. Kwa mapokeo, Hillel wa Pili ndiye aliyeweka kalenda ya hesabu katika karne ya nne, na shaka ikaisha. Lakini siku ya pili haikufutwa. Hadi leo Pasaka ya Kiyahudi ni siku saba ndani ya Israeli, na kwa wengi walio nje ni siku nane. Ushuru wa shaka ya mababu unaendelea kulipwa kwa heshima, na mimi naona uzuri katika hilo.

Hesabu hiyo ina kanuni za kibinadamu pia. Yom Kippur, siku ya toba na mfungo mkali, haianguki Ijumaa wala Jumapili, ili isigusane na Sabato na kuwaacha watu siku mbili mfululizo bila kupika wala kuzika. Pale ambapo mwezi ungeileta siku hiyo, kalenda huusogeza mwaka mpya.

Pasaka ya Wakristo, penye fundo lenyewe

Injili zinayaweka mateso na ufufuo wa Yesu wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, na ufufuo siku ya kwanza ya juma. Wakristo wa mwanzo hawakuafikiana: wengine walishika tarehe 14 ya mwezi wa Nisani iangukie siku yoyote, wengine walishika Jumapili. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliamua kwamba Kanisa lote liadhimishe siku moja, na kwamba hesabu isitegemee kalenda ya Wayahudi. Kanuni iliyokuja kuenea ni hii: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza ulioanguka tarehe 21 Machi au baada yake. Tarehe 21 Machi inasimama badala ya siku ambayo usiku na mchana hulingana.

Neno la kuangalia hapo ni "badala". Si mwezi wa angani unaotumika, bali mwezi wa jedwali. Na mlingano wa usiku na mchana si ule wa kweli, bali ni tarehe iliyogandishwa. Mara nyingi jedwali na anga hukubaliana. Mwaka 2019 hazikukubaliana: mlingano ulitokea tarehe 20 Machi na mwezi ukapevuka saa chache baadaye, alfajiri ya tarehe 21 kwa saa za Greenwich. Kwa anga Pasaka ingekuwa 24 Machi. Kwa jedwali ilikuwa 21 Aprili, na watu walioangalia mwezi wenyewe walibaki wakishangaa.

Kwa kanuni hiyo Pasaka ya Magharibi haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Mara ya mwisho kuanguka 22 Machi ilikuwa mwaka 1818, na mara ijayo ni 2285. Tarehe 25 Aprili ilitokea mwaka 1943 na itatokea tena 2038.

Nyuma ya Pasaka hufuata msafara mrefu wa siku nyingine: Jumatano ya Majivu siku 46 kabla, Ijumaa Kuu siku mbili kabla, Kupaa kwa Bwana siku ya 40 na Pentekoste siku ya 50, Pasaka yenyewe ikihesabiwa. Hata kanivali ya Rio de Janeiro, ambayo wengi huiona kuwa ngoma tupu, imefungwa humo, kwa sababu kilele chake ni mkesha wa Kwaresima. Mwezi mpevu wa majira ya kuchipua ya kaskazini, uliochaguliwa kwa ajili ya shayiri ya Palestina, ndio unaopanga siku za kucheza samba kusini mwa ikweta, ambako wakati huo ni kiangazi.

Sasa mgawanyiko wa Mashariki na Magharibi. Kalenda ya Julius Caesar ya mwaka 45 kabla ya Kristo iliufanya mwaka uwe siku 365.25. Ulizidi mwaka wa kweli kwa dakika kumi na moja hivi, nazo zikijumlishwa huwa siku nzima kila baada ya miaka 128. Kufikia karne ya 16 mlingano wa usiku na mchana ulikuwa umeteleza hadi tarehe 11 Machi, na Pasaka ikawa inaondoka polepole katika majira yake. Papa Gregori wa 13, akitumia kazi ya Aloysius Lilius na Christopher Clavius, aliondoa siku kumi: Alhamisi ya 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. Aliamuru pia kwamba miaka inayofunga karne isiwe mirefu, yaani yenye siku 366, ila ikigawanyika kwa 400. Kwa hiyo 1700, 1800 na 1900 haikuwa mirefu, na 2000 ulikuwa mrefu.

Nchi za Kikatoliki zilitii mapema. Uingereza ilikubali mwaka 1752. Urusi ilibadilisha kalenda ya serikali mwaka 1918, lakini Kanisa lake halikubadilisha. Tofauti kati ya kalenda hizo mbili imefikia siku 13, na hapo ndipo ilipo siri ya Krismasi ya 7 Januari. Waorthodoksi wa Urusi, Serbia, Georgia na Patriarkia ya Yerusalemu hawaadhimishi kuzaliwa kwa Kristo tarehe nyingine. Wanaiadhimisha 25 Desemba kama wenzao, ila kalenda yao ya ibada inapofika 25 Desemba, ya ukutani imeshafika 7 Januari. Makanisa ya Ugiriki, Romania na Bulgaria yamehamia 25 Desemba ya kawaida kwa sikukuu zisizohama, lakini Pasaka yameendelea kuihesabu kwa jedwali la zamani. Yaliona afadhali kugawanyika kwa Krismasi kuliko kugawanyika kwa Pasaka, ambayo kwao ndiyo sikukuu ya sikukuu. Kanisa la Orthodoksi la Ukraine lilihama mwaka 2023, wakati wa vita, na hakuna aliyedhani kwamba hilo lilikuwa jambo la kalenda tu.

Ethiopia ina kalenda yake ya miezi kumi na mitatu, kumi na miwili ya siku thelathini na mmoja mfupi wa siku tano au sita. Genna, Krismasi yao, huangukia 7 Januari, Timkat, ubatizo wa Yesu, 19 Januari, na mwaka mpya, Enkutatash, 11 Septemba. Waarmenia nao huadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Yesu pamoja, tarehe 6 Januari, kwa mapokeo ya zamani ambayo hayana uhusiano na Papa Gregori wala Caesar.

Siku inayoanza saa yoyote

Kalenda za Kihindu zimezama katika anga kuliko zote nilizozitaja. Kipimo chake kikuu ni tithi, muda ambao mwezi unajitenga na jua kwa nyuzi 12. Mwezi mmoja una tithi 30. Kwa kuwa mwendo wa mwezi hauko sawa, tithi inaweza kuwa fupi au ndefu kuliko siku, na inaweza kuanza asubuhi, adhuhuri au usiku wa manane. Diwali ni tithi ya mwezi wa giza katika msimu wa Kartika. Mwaka 2024 tithi hiyo ilianza alasiri ya 31 Oktoba na kwisha jioni ya 1 Novemba. Ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa ustawi, hufanywa baada ya jua kuchwa. Je, ifanywe jioni ambayo giza la mwezi linatawala usiku kucha, au siku ambayo jua lilichomoza giza hilo likiwepo? Wataalamu wa panchanga, almanaka za Kihindu, walijibu tofauti, na kila mmoja alikuwa na andiko la kushika.

Deni la siku kumi na moja hulipwa kwa mwezi wa ziada, adhika masa, unaoingia kila baada ya miezi 32 au 33 hivi. Ndiyo maana Diwali hurudi nyuma mwaka hadi mwaka kisha ghafla ikaruka mbele: 20 Oktoba mwaka 2025, 8 Novemba mwaka 2026. Kumbh Mela, hija ya Wahindu ya kuoga mtoni, huongeza sayari ya Mshtarii katika hesabu, na kwa kuwa sayari hiyo hulizunguka jua kwa karibu miaka kumi na miwili, mkusanyiko mkuu wa Prayagraj, uliofanyika 2025, una mzunguko wa miaka hiyo. Wabudha wa nchi nyingi huadhimisha Vesak, sikukuu ya Buddha, mwezi unapopevuka katika msimu wa Vaisakha, ilhali Japani, iliyopokea kalenda ya Gregori mwaka 1873, huadhimisha kuzaliwa kwa Buddha tarehe 8 Aprili isiyohama.

Mwaka mpya wa Kichina kwa kawaida huangukia mwandamo wa pili baada ya siku fupi kuliko zote ya kaskazini, kati ya 21 Januari na 20 Februari. Hapa pana mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha jinsi kipimo kidogo kinavyoweza kuhamisha sikukuu kubwa. Wachina huhesabu kwa saa za Beijing, Wavietinamu kwa saa za Hanoi, zilizo nyuma kwa saa moja. Desemba 1984 jua lilifika kituo chake cha kusini kabisa kabla kidogo ya usiku wa manane Hanoi, tarehe 21. Beijing usiku wa manane ulikuwa umeshapita, ikawa tarehe 22. Na tarehe 22 ndiyo iliyokuwa siku ya mwezi mpya. Kwa Hanoi siku fupi ikaangukia mwezi uliokuwa ukiisha, kwa Beijing ikaangukia mwezi ulioanza. Vietnam ikaadhimisha Tet, mwaka mpya wake, tarehe 21 Januari 1985, na China mwaka wake mpya tarehe 20 Februari. Saa moja ilizaa mwezi mzima.

Jua peke yake, na wengine wasiofuata chochote

Nowruz, mwaka mpya wa asili ya Kiajemi unaoadhimishwa kuanzia Asia ya Kati hadi Uturuki, hushika dakika yenyewe ambayo jua linavuka ikweta kuelekea kaskazini. Nchini Iran, dakika hiyo ikifika kabla ya adhuhuri ya Tehran, siku hiyo ndiyo ya kwanza ya mwaka. Ikifika baadaye, ni kesho yake. Familia huketi pamoja kuingoja hata kama ni saa tisa za usiku. Umoja wa Mataifa uliitambua siku hiyo mwaka 2010.

Mwaka wa Nairuzi uliovuka bahari pamoja na wafanyabiashara ulihifadhi siku 365 tupu, bila mwaka mrefu. Kwa hiyo Mwaka Kogwa, unaofanyika Makunduchi kusini mwa Unguja, umekuwa ukirudi nyuma siku moja kila miaka minne hivi. Katikati ya karne ya 19 uliangukia mwisho wa Agosti, leo huangukia Julai.

Bali ina mfano wa pekee. Pawukon, mzunguko wa siku 210, hauhusiani na jua wala mwezi. Galungan, siku ambayo roho za mababu hukaribishwa nyumbani, hufuata mzunguko huo, hivyo mwaka mmoja wa kawaida unaweza kuwa nazo mbili: mwaka 2024 ilikuwa 28 Februari na 25 Septemba. Wakati huohuo Nyepi, siku ya ukimya ambayo hata uwanja wa ndege wa kisiwa hufungwa, hufuata mwezi. Watu walewale wanaishi ndani ya kalenda mbili, na ya tatu ya ofisini.

Sikukuu zilizozaliwa au kufufuliwa karibuni hazina matatizo haya. Kwanzaa, aliyoiasisi Maulana Karenga Marekani mwaka 1966, ni 26 Desemba hadi 1 Januari. Inti Raymi ya Wainka, iliyopigwa marufuku na watawala wa Kihispania na kurudishwa Cusco mwaka 1944, ni 24 Juni, ingawa jua lenyewe hufika kituo chake siku tatu au nne mapema. Tarehe isiyohama ni rahisi kwa serikali, shule na mashirika ya ndege.

Urahisi huo umewashawishi wengi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1928 ya kuifunga Pasaka kwenye Jumapili ifuatayo Jumamosi ya pili ya Aprili. Sheria hiyo haijawahi kuanza kutumika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba haupingi Pasaka kupewa Jumapili maalumu, mradi wengine wakubali, hasa wale waliotengana na Roma. Mkutano wa Aleppo wa 1997, ulioitishwa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni na la Mashariki ya Kati, ulipendekeza njia nyingine: kanuni ya Nisea ibaki, ila mlingano na mwezi vihesabiwe kwa anga ya kweli kama inavyoonekana Yerusalemu. Nalo halijatekelezwa. Kila pendekezo linamtaka mtu fulani akiri kwamba mababu zake walisali siku isiyo yake, na hakuna kanisa linalokubali neno hilo kwa wepesi.

Muda nao hausimami. Mwaka 2100 utakuwa mrefu kwa kalenda ya Julius na hautakuwa mrefu kwa ya Gregori, kwa hiyo tofauti itafikia siku 14. Wanaoshika kalenda ya zamani, wasipobadili, wataadhimisha Krismasi tarehe 8 Januari kuanzia mwaka 2101.

Kwa anayepanga mitihani, zamu za kazi, safari au mikutano, sikukuu za jua zinaweza kuandikwa miaka mingi mbele. Za jedwali, kama Pasaka na Yom Kippur, zinaweza pia, mradi utazame jedwali la jamii husika. Diwali na mwaka mpya wa Kichina zinahitaji almanaka ya mahali hapo. Idi iachiwe nafasi ya siku mbili, na anayeisubiri asilazimishwe kutaja siku kabla ya magharibi ya mwezi 29. Desemba 2033 itawajaribu wapangaji wote kwa mpigo: Hanuka inatarajiwa kuanzia katikati ya mwezi hadi mkesha wa Krismasi, na Idul-Fitri, ya pili kwa mwaka huo, kuangukia tarehe 23 au jirani yake.